Mama Mkwe Amenyamaza

Kituoni, 4 Machi

Dada,

Nimefika, nimelala, na sweta nimelisahau kwako kama ulivyotabiri. Cheka kwanza, kisha nitumie.

Usinune kwamba sikupigii simu. Huku simu ya mkononi ni marufuku. Ukikamatwa nayo unafungasha virago. Getini wamenipekua mpaka kwenye soksi. Hakuna redio, hakuna mashine ya umeme ya kupashia chakula, na magari yote ni ya dizeli, maana cheche za plagi za injini ya petroli zinalipigia kelele dishi letu la kusikilizia anga. Dereva wa lori letu la kijani tunamwita Dizeli, na nadhani hata jina lake la kuzaliwa ameshalisahau. Simu ni moja tu, ya waya, ofisini kwa Mkuu wa kituo, tena kwa mambo ya kazi. Kwa hiyo tutaandikiana barua, dada, kama enzi za bibi. Lori hushuka kila Alhamisi hadi posta ya mji mdogo ulio chini ya milima, likapeleka na kuleta.

Siku ile stendi uliniuliza nakwenda kupima nini hasa. Nikasema gesi, ukanijibu si ungebaki nyumbani, tunayo ya mtungi. Sasa sikiliza vizuri. Kati ya nyota na nyota kuna hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Imekaa baridi, haina chaji ya umeme, haing'ai, jicho haliioni hata ukiazima darubini ya nani. Lakini ina sauti. Kila atomu, mara moja katika mamilioni ya miaka, hutoa mnong'ono mmoja wa redio, na daima kwa noti ileile. Kwa kuwa atomu ni nyingi kupita kiasi, minong'ono haikatiki, na dishi letu linaisikiliza. Noti ikishuka kidogo najua gesi inatukimbia, ikipanda inatujia, na nguvu yake inaniambia iko kiasi gani. Kazi yangu yote ni hiyo.

Nina galaksi mbili za jirani, kubwa na ndogo. Ukizitazama kwenye picha za kawaida, kila moja imekaa kivyake kama watu waliogombana. Mimi nadhani kubwa inainyonya ndogo, kwamba kuna uzi wa hidrojeni kati yao. Galaksi ikiishiwa gesi haizai nyota tena, inabaki kuzeeka tu. Uzi huo kama upo ni hafifu mno, na nimepewa hadi mwisho wa Aprili kuuchora. Ramani ikitoka safi, nafasi ya kudumu ni yangu. Mkuu amesema kwa mdomo wake. Isipotoka safi, kuna mwingine yuko mlangoni.

Na kabla hujaniuliza, hapana, sikeshi. Galaksi zangu hupita juu mchana, na dishi halijali jua.

Mama vipi? Sikumuaga vizuri, alikuwa amelala. Mwambie nikipata kazi ya kudumu nitamjengea nyumba ya juu kule, mbali na mto.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba


Mtaani, 14 Machi

Profesa wangu,

Sweta hili hapa. Limefuliwa na kupigwa pasi bila malipo, jambo ambalo dukani kwangu halijapata kutokea.

Mtazama nyota anayefanya kazi mchana na kulala usiku! Nimewasimulia wateja, wamesema hiyo si sayansi, hiyo ni kazi ya serikali. Lakini hapo kwenye mnong'ono nimekuelewa. Mimi mwenyewe husikiliza hivyo hivyo wateja wakiingia: anayesema kwa sauti ndogo ndiye mwenye doa kubwa.

Mama mzima. Anakula, anakusalimu, barua yako nimemsomea mara mbili. Kuhusu nyumba ya juu ametabasamu. Usiwe na wasiwasi naye, wewe pima gesi yako.

Mvua zimeanza, na mwaka huu zina hasira. Nguo hazikauki, naanika mpaka chumbani, natembea nimeinama kama mwizi chini ya mashuka ya watu. Mto umevimba kidogo. Halafu tumeletewa Mama Mkwe. Ndivyo mtaa ulivyoibatiza kengele mpya waliyoifunga kwenye ukuta wa nyumba ya pampu, hapo chini ya kwangu. Inatakiwa kulia maji yakitaka kupanda. Inalia itakavyo, haisemi sababu, na ikishaanza hainyamazi mpaka iridhike. Jina likaja lenyewe. Mzee wa Pampu anayeitunza akipita sasa watu wanamuuliza, "Mkweo ameamkaje?" Anaona haya kweli kweli, maskini.

Vaa sweta.

Dada yako,
Dobi


Kituoni, 25 Machi

Dada mpenzi,

Uzi upo! Nimeuona, halafu nimeupokonywa.

Katika ramani ya kwanza, mahali pale pale ambapo gesi ya katikati inapaswa kunong'ona, pamekaa mstari. Mwembamba, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Gesi ya kweli haichorwi kwa rula, gesi ina mashavu. Mstari huu ni kazi ya binadamu. Kuna kifaa mahali fulani kinatumia redio, tena kibovu, na kinamwaga sauti yake hadi kwenye noti ambayo sheria imetutengea sisi.

Tumekitafuta kama kuku anayetafuta pa kutagia. Dizeli tumemvua saa. Friji ya Mpishi tumeizima siku nzima, nyama ikaoza, na haikuwa friji. Sasa Mpishi hasemi na mtu. Fundi wa mitambo amefunga antena juu ya gari dogo, tunazunguka naye milimani, mimi nikiwa na vipokea sauti masikioni. Fundi huongea maneno matatu kwa siku, na mawili ni "pinda kushoto".

Kuna jambo la ajabu. Mwanzoni kifaa kilikuwa kinaita mara moja moja, kama mtu anayesafisha koo. Mvua ilipoanza kunyesha milimani kikazidisha. Siku ya mvua kubwa hakitulii kabisa. Fundi anasema ni unyevu umeingia, kimepoteza adabu. Nami naona hivyo. Tukikipata tutakizima, sheria iko upande wetu.

Simu ya waya nayo imekufa, nguzo zimeanguka bondeni. Mkuu anasema afadhali, kelele imepungua.

Nisikufiche, naogopa. Nikifumba macho nauona ule mstari. Sikusoma miaka yote hii, na wewe ukinifulia na kunilipia, ili nije nishindwe na kidude cha mtu asiyejulikana.

Kitinda Mimba wako


Mtaani, 31 Machi

Kwako mwenye uzi,

Usilie. Doa lisilotoka kwa sabuni hutoka kwa subira, na lisilotoka kwa subira tunamwambia mteja alikuja nalo.

Habari mbaya kwanza: simu yangu imetumbukia kwenye beseni la sabuni. Imekuwa safi sana, ila haiongei. Kwa hiyo hata ukitoroka hapo kituoni hutanipata. Nyingine ni wewe ununue ukishakuwa mkubwa.

Mama nimemhamishia chumba cha chini, kile cha nyuma kinachotazama mto, karibu na bafu. Anasema kuna hewa. Nami nimepumzika kupanda na kushuka ngazi.

Mama Mkwe amechachamaa. Wiki hii amelia karibu kila siku. Tukimsikia tunakusanya roho zetu tunapanda mpaka shule ya kilimani, tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, halafu maji hayaji. Mara moja tu yalifika kwenye mawe yangu ya kufulia, yakanusa, yakarudi. Kinyozi jirani yangu aliacha mteja amenyolewa nusu kichwa, na yule mteja hakurudi, sijui anatembeaje huko. Kinyozi ameapa kwamba ikilia tena ataipiga jiwe. Nikamwambia ukishamaliza nipe na mimi moja.

Najua utauliza kama Mama anasoma barua zako mwenyewe. Namsomea mimi, miwani yake imepinda.

Dada yako,
Dobi


Kituoni, 10 Aprili

Dada! Dada! Dada!

Kaa chini, weka pasi pembeni. Tumekipata.

Kilikuwa mbali kuliko tulivyodhani, karibu nusu siku kwa gari, kwenye korongo ambalo hata Dizeli hakuwahi kulifikia. Kisanduku juu ya nguzo, kando ya kijito ambacho mbuzi angekivuka bila kulowa tumbo. Nilipokikaribia masikio yaliniuma kwa ile sauti. Nilitaka kukikumbatia na kukipiga teke kwa pamoja.

Ni mali ya idara ya maji. Mkuu alishawapelekea amri kwa lori, na Jumatatu wakamtuma mtu wao, amevaa buti za kuazima, hana ubishi hata kidogo. Alisema, "Chenu cha mbinguni, chetu cha duniani. Sheria inasema cha mbinguni kwanza." Akafungua, akatoa betri, akaitia mfukoni mwake, basi. Nikamuuliza kinapima nini. "Kinapima tu," akasema, "sisi kazi yetu kufunga. Anayesoma yuko kwingine." Watakirudisha zamu yangu ikiisha, mwezi ujao.

Na ramani, dada! Siku ya pili tu ilikuwa safi. Uzi umetokea wote, umetoka kwenye galaksi ndogo ukaenda kwenye kubwa, kama maziwa yanayomwagika polepole. Nimepima: gesi karibu nusu imeshaondoka. Nililia mbele ya Fundi, naye akatumia maneno yake yote ya siku kunifariji. Lakini nikwambie, nilipoitazama sana nilirudisha kiti nyuma. Kubwa inavuta bila haraka wala kelele, na ndogo bado inawaka nyota zake kana kwamba hakuna kitu. Zimebaki siku kumi tu nzuri hivi, na kazi ni yangu.

Barua yako ya Mama Mkwe imefika jana na nimecheka peke yangu. Laiti ningekuwa karibu nikamzibe mdomo huyo wako kama nilivyomziba wangu!

Mwenye furaha,
Kitinda Mimba


Mtaani, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Barua ya leo haina mzaha mwingi. Nimeamua kukwambia kitu, kwa sababu sasa naweza kukwambia nikiwa nimepumua.

Mama hatembei. Alipatwa na kiharusi mwezi wa pili, wiki moja kabla hujasafiri. Siku ulipopita nyumbani kuaga hakuwa amelala, nilikudanganya ili usiingie chumbani. Upande wa kushoto wote hauna nguvu, na maneno hayatoki, anafungua mdomo kinatoka kitu nusu. Ningekwambia ungebaki, na ungebaki mwaka mzima, nakujua. Yeye mwenyewe alinishika mkono akatikisa kichwa, usimwambie. Kwa hiyo nikasirikie, lakini ukasirike ukipima.

Sasa uelewe kwa nini yule Mama Mkwe alinitoa machozi. Alipozidisha kulia ilikuwa nimbebe Mama kwenye kiti, mimi mbele, mpiga pasi wangu nyuma, mpaka juu shuleni, mvua ikimnyeshea usoni naye hawezi hata kujifuta. Mara tatu. Na mara zote tatu maji hayakuja. Mara ya tatu niliketi kwenye tope nikalia kama mtoto. Nilisema Mungu wangu, hiki kitu kinyamaze tu.

Na kimenyamaza! Tangu Jumatatu hakijatoa hata mlio. Watu wa nyumba za chini wote wamerudi, Kinyozi amefungua, Mama nimemrudisha chumbani kwake kule chini. Mke wa Kinyozi kanishikia kiuno akaniambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikamwambia mshindo niusikiao ni wa mumeo akikoroma.

Hata hivyo nilikwenda kumuuliza Mzee wa Pampu kama kengele imekufa. Anasema kengele ni nzima, ila haijiamshi yenyewe. Kuna nguzo ya chuma juu kabisa milimani, kwenye korongo, ina kisanduku na kioo cha jua. Ndiyo inayouangalia mto na kumletea habari kwa redio. Maji yakizidi huko, kisanduku kinazidi kuita. Kikiita sana, kengele inalia. Tangu Jumatatu hakijaita hata mara moja. "Kisipoita," anasema, "ujue maji yametulia." Nimemwelewa. Ni kama mtoto mchanga, akiacha kulia amelala.

Usije. Maliza kazi. Nisamehe.

Dada yako


Kituoni, Jumamosi 18 Aprili

Dada,

Barua hii anakuletea Dizeli mkononi. Ukimwona usimalize kusoma. Mbebeni Mama mpande shuleni, utasoma huko.

Kile kisanduku nilichokizima ndicho cha Mama Mkwe. Hakikuwa na unyevu. Hakikuwa kimepoteza adabu. Kilikuwa kinawaita ninyi, na kadiri maji yalivyozidi ndivyo kilivyozidi kuita, nami nikakihesabu kuwa uchafu kwenye ramani yangu. Kijito kile huku kina jina jingine. Sikujiuliza hata siku moja kinakwenda wapi. Nilikuwa najiuliza gesi inakwenda wapi.

Nilipata barua yako Alhamisi jioni. Nilikimbia nayo kwa Mkuu. Akaisoma, akatazama nje, mbingu nyeupe, ardhi kavu. Akasema, "Zimebaki siku chache ramani ikamilike. Wiki ijayo tutawaandikia idara rasmi. Siku chache hazizamishi mji." Nami nikasubiri, dada. Si wiki, siku moja, Ijumaa nzima. Nilikaa mbele ya skrini nikapima, na ilikuwa siku safi kuliko zote nilizopata, na kila nilipoifurahia nilimwona Mama juu ya kile kiti akinyeshewa mvua. Jioni nikashindwa na nafsi yangu. Leo alfajiri mimi na Fundi tumechukua gari bila ruhusa.

Korongo si lile. Mvua inanyesha ng'ambo ya milima, sisi hatuioni, lakini maji yake yote yanapita hapo. Nguzo niliyoiacha kwenye mawe makavu imesimama ndani ya maji ya rangi ya matofali, na miti mizima inapita ikigonga. Fundi alijifunga kamba kiunoni, mimi nikaishika nikiwa nimeizungusha kwenye bampa. Betri yao haipo, tumetoa ya gari letu. Injini ya dizeli ikishawaka haiihitaji. Alipounganisha waya alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona Fundi anaogopa. "Kinaita," akasema.

Tuliporudi kituoni Mkuu alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Mstari umerudi kwenye skrini, na safari hii hauna nafasi hata moja ndani yake. Kisanduku hakivuti pumzi. Ramani imekufa. Nafasi yangu nayo, ameniambia hapo hapo mbele ya wenzangu. Nimelia, siwezi kusema sikulia. Lakini sikulilia hiyo tu.

Dizeli akifika penye mtandao ataazima simu ya mtu aipigie idara ya maji. Ni mwisho wa juma, sijui nani atapokea. Simu yako iko kwenye sabuni. Faraja yangu imebaki moja tu, kengele. Najua kwamba hivi niandikavyo inalia ukutani hapo chini ya kwako, na wewe unaitukana. Itukane, dada, huku unapanda. Usiseme itakuwa kama zile tatu. Mbebe Mama.

Nisamehe ile siku moja.

Mdogo wako


Mtaani, Jumapili 19 Aprili

Kitinda Mimba wangu,

Barua yako ya furaha imefika jana, ile ya dada, dada, dada. Nimeisoma kwa sauti mpaka Kinyozi akaja na mkasi mkononi kuuliza nani kafa. Nimelia nawe. Kumbe uzi ulikuwepo! Tangu ukiwa mdogo ulikuwa ukisema kitu kipo, kipo, hata tukipindua nyumba. Naona huko milimani visanduku vimejaa, chako na cha Mzee wa Pampu. Serikali yetu haina choyo ya visanduku.

Kuhusu kuja kumziba mdomo Mama Mkwe, umechelewa, tumemziba wenyewe. Ijumaa wanaume wa mtaa walimshika mashati Mzee wa Pampu, wakamwambia kitu hakifanyi kazi na siku kikifanya kinatuua kwa mbio. Akabisha kidogo, halafu akapanda ngazi akaing'oa. Nikamwomba anipe mimi. Kwa ajili ya Mama. Mimi nikiwa huku juu dukani simsikii kabisa, na sauti hana ya kuniita. Juzi alikaa na kiu tangu asubuhi mpaka nilipofunga. Tumeifunga kwenye kichwa cha kitanda, tukampa kinyundo cha mti. Mkono wa kulia bado una nguvu. Ungemwona alivyoigonga mara ya kwanza! Alicheka. Upande mmoja wa uso tu, lakini alicheka, na mimi sijamwona akicheka tangu mwezi wa pili. Kwa hiyo Mama Mkwe amekuwa mkwe mwema mwishoni, tumemsingizia bure.

Leo kuna jua zuri, mvua imetusahau. Sijashuka huko nyuma tangu nimwoshe Mama asubuhi, nguo nimezianika zote upande wa barabara, naandikia kauntani. Mpiga pasi nimempa mapumziko. Jumapili mtaa wote umetulia, isipokuwa hilo lori la kijani lililosimama ng'ambo ya daraja. Naona paa lake tu kutoka hapa. Linapiga honi tangu nianze barua hii, na sijui kwa nini lisivuke tu. Watu wengine wana haraka ya kujitakia.

Umesema zilibaki siku kumi. Sasa zitakuwa chache, au zimeisha? Usiharakishe. Mimi na Mama tunakungoja, na ukija na hiyo kazi ya kudumu nitafunga duka siku nzima. Nakuonea fahari, mdogo wangu. Sijakuambia vya kutosha.

Huyo Mama naye kaanza kengele yake. Tangu apate kitu hiki amekuwa kama mtoto na firimbi. Jana aliniita, nikashuka mbio, kumbe anataka tu kunionyesha kwamba anaweza. Nimempigia kelele kwamba nakuja. Anaigonga tu, tena leo anaigonga kwa nguvu, hapumziki kabisa. Acha niandike anwani kwenye bahasha, ndipo nishuke nikamwone anataka nini.

Dada yako akupendaye,
Dobi